Mama Mkwe Alikuja Kupima Sufuria Yangu kwa Sumaku

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nasimama mbele ya jiko, nasubiri maziwa yachemke.

Ni kazi ndogo, lakini haitaki mchezo. Ukigeuka tu kuchukua kikombe, maziwa yameshapanda, yamemwagika, yamezima moto na nyumba nzima inanuka.

Kwa hiyo asubuhi ile macho yangu yote yalikuwa kwenye sufuria. Povu lilikuwa limeanza kujikusanya pembeni.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa bila hodi.

Akaingia mwanamke wa makamo, mkoba kwapani, viatu vya mtoko. Hakunisalimia. Alinivua kitambaa begani, akaishika sufuria, akaiinua, akamwaga maziwa kwenye karai la vyombo vichafu.

Yote.

Halafu akaipindua ile sufuria, akatoa kitu mkobani na kukibandika kwenye kitako chake.

Ilikuwa sumaku.

Ikateleza, ikaanguka sakafuni, tii.

"Takataka," akasema. "Nilijua tu."

Akaokota sumaku yake, akaondoka.

Sijui wewe ungefanya nini. Mimi nilisema, "Karibu tena, mama."

Huyo alikuwa mama mkwe wangu. Yaani mtarajiwa, maana harusi ilikuwa bado wiki chache.

Ngoja nieleze kidogo nisikuache njiani.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nilimaliza chuo, nikapata kazi, na mpaka leo watoto wa darasa langu ndio watu pekee ninaoweza kuwapandishia sauti. Na hata hao, nikiwapandishia, roho inaniuma mpaka jioni. Nikiwa na watu wazima maneno yananikwama hapa kooni, nabaki kutabasamu kama picha ya kitambulisho.

Baba alishatangulia. Naishi na mama yangu, fundi cherehani. Yeye ana mdomo wa watu wawili, wake na wangu.

Mchumba wangu alikuwa anauza vifaa vya hospitali. Kazi ya safari, leo yuko huku, kesho kule. Mpole, msafi, mcheshi. Ni mtoto wa pekee kwa mama yake, hana kaka, hana dada. Meseji yake ikiingia, nilikuwa naiweka simu kifuani kwanza kabla ya kuisoma. Nilimpenda, sitaki kudanganya.

Tatizo lilikuwa mama yake.

Siku ya kwanza kutambulishwa, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akarudi tena kichwani.

"Ndiye huyu? Mimi nilidhani ametanguliza mdogo wake."

Nikasema, "Ahsante, mama."

Nilipojaribu gauni la harusi, gauni ambalo mama yangu alilishona kwa mikono yake, mkwe akazunguka nyuma, akazunguka mbele.

"Limekukaa kama pazia la ofisi. Mimi ningekuwa wewe ningeahirisha harusi kwanza, nishone lingine. Hata mwaka mmoja si mbaya."

Mama yangu alikuwa na pini mdomoni. Nashukuru Mungu alikuwa na pini mdomoni.

Siku nyingine akaniuliza, mbele ya ndugu zake, kama nimesikia kuna shule za mbali zinatafuta walimu. "Si uende? Hewa ya huko nzuri. Utanenepa." Halafu akawageukia wenzake. "Wasichana wenye akili, umri huu bado wanachagua. Huyu amedaka wa kwanza aliyepita."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka. Kesho yake nililia chooni shuleni, nikanawa uso, nikarudi darasani kuimba wimbo wa namba.

Nikimwambia mchumba wangu, anacheka. "Mama ananionea wivu, mpenzi. Mpuuze."

Lakini nilipomwambia habari ya sumaku, hakucheka.

"Sumaku?"

"Ndiyo. Aliibandika kwenye sufuria."

"Alisema nini?"

"Takataka."

"Basi? Hakusema kingine?"

"Hakusema kingine."

Nikamsikia anashusha pumzi. "Mama anazeeka yule," akasema, na papo hapo akaanza kuniuliza habari za keki.

Mama yangu yeye alipopata habari aliacha cherehani katikati ya mshono. "Kwenye nyumba yangu? Maziwa yangu? Angenikuta mimi, angeondoka na hiyo sumaku imebandikwa mahali asipoweza kuifikia!"

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu yule mwanamke akawa anaitwa Mama Sumaku.

Sasa, mama alikuwa ameshaapa kwamba vyombo vyangu vya kuanzia maisha atanunua yeye, na atavichagua kwa mkono wake. Habari zikamfikia Mama Sumaku. Akatuma ujumbe wa maneno mawili.

"Nami nakuja."

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, hawa wanawake wawili wanunue sufuria, warudi nyumbani, na harusi yangu iwe bado ipo.

Duka lenyewe lilikuwa refu na jembamba kama korido, vyombo vimepangwa mpaka darini. Ukigusa kimoja, vingine vyote vinatetemeka. Muuzaji alikuwa baba mmoja mwenye taulo shingoni, mchangamfu kupita kiasi. Alivyoona wamama wawili wameingia bila kutazamana, akasugua viganja.

"Karibuni sana, mama zangu! Bibi harusi ndiye huyu? Ameshapendeza tayari."

"Mtazame vizuri," akasema Mama Sumaku. "Ni mwanga wa dukani."

Mama yangu akameza mate. Nilimwona anayameza.

Tukaanza na alumini. Mama ana kanuni yake. Anaigonga sufuria kwa kifundo cha kidole huku ameisogezea sikio.

"Hii," akasema. "Nzito, na sauti yake imeshiba. Nina kama hii nyumbani tangu huyu hajazaliwa, mpaka leo haijatoboka."

Mama Sumaku akafungua mkoba. Safari hii sumaku ilikuwa imefungwa uzi. Akaining'iniza mbele ya sufuria, ikapita pembeni bila habari.

"Haishiki."

"Kwani mwanangu anaenda kupika misumari?"

"Haishiki, haifai."

"Mkwe," mama akasema, na akatabasamu lile tabasamu lake ambalo wateja wake wakiliona wanalipa haraka, "nimekuja na mwanangu kununua sufuria. Wewe kama umekuja kuvua samaki, bahari si huku."

Muuzaji akaingia katikati. "Taratibu, mama zangu, vyombo vipo vya kila moyo. Kuna stili hizi, zinang'aa, unajitazama. Kuna za enameli, zenye maua ubavuni. Kuna hizi nyeusi ndani, chakula hakigandi, ila kijiko cha chuma mwiko. Kuna chuma kizito hiki, hata wajukuu watagombea. Vyungu vya udongo viko kule nyuma."

"Chungu," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Lakini nilikuwa nimekiona, kidogo, cha mviringo, kimetulia rafuni kama kuku anayeatamia. Nilikipenda pale pale.

"Zile nyeusi ndani," mama akasema, "si ndizo zinazobanduka ukazila?"

"Ukizitunza hazibanduki, mama."

"Nani ana muda wa kuitunza sufuria? Sufuria initunze mimi."

Mama Sumaku alikuwa anapita na uzi wake. Chuma kizito, sumaku ikaruka ikang'ang'ania. Enameli, ikang'ang'ania. Stili ya kwanza ikakataa, ya pili ikakubali.

"Hii na hii," akasema. "Zile zote rudisha. Hazitawaka."

"Hazitawaka vipi?" mama akauliza. "Sufuria ndiyo inayowaka au jiko?"

"Mama, wewe sasa unapima kila kitu," muuzaji akatania, "bwana harusi angekuwepo mngempima na yeye."

"Huyo ndiye angekuwa wa kwanza," akasema Mama Sumaku. Hakucheka.

Muuzaji akajifuta jasho kwa taulo. "Basi niambieni jambo moja tu. Huko zinakoenda, jiko ni la aina gani? Tunagombana na sufuria bure, kumbe mwenye maneno ni jiko."

"La gesi," nikasema.

"La kioo," akasema Mama Sumaku.

Tulisema kwa pamoja.

Nililijua jiko la mchumba wangu. Nilishapika chai pale kwake. Ni la gesi, la mafiga mawili, na kitufe kimoja cha kuwashia kimevunjika, ukitaka kuliwasha unazungusha kwa koleo. Tulicheka sana siku hiyo kuhusu lile koleo.

"La kioo lipi?" mama akauliza.

"Lile jeusi, bapa kama meza. Unaligusa kwa kidole, linawaka. Ukiliwekea chombo kisichoshika sumaku linalia pii, pii, pii, halafu linajizima. Jumapili nimehangaika nalo mpaka chakula cha mtoto kikachelewa."

Alikuwa anasema huku ananitazama mimi. Si mama, si muuzaji. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyekaribia kupata jibu.

Moyo wangu ukaanza kumtetea mchumba wangu haraka haraka. Labda amenunua jiko jipya. Labda ni zawadi ya kunishtukiza. Lakini Jumapili hakuwa mjini. Jumapili alikuwa safari, alinitumia picha ya barabara.

Halafu lile neno la mwisho likanifikia.

"Mtoto gani, mama?"

"Nimesema mtoto?"

"Umesema."

"Basi nimesema." Akageukia mifuniko, akaanza kuipanga upya, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Mtoto wa nani?" mama yangu akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na sauti ya mama ikishuka ni hatari kuliko ikipanda.

"Mimi nimezaa wangapi?"

"Mmoja."

"Basi hesabuni. Si mwalimu huyo?"

Sikuhesabu. Nilitoa simu, nikampigia mchumba wangu. Mama akanipokonya, akaweka sauti ya juu, akaishika katikati yetu.

"Mpenzi, niko kikaoni."

"Samahani," nikasema. Hata hapo nilisema samahani. "Tuko duka la vyombo. Wanauliza jiko letu ni la aina gani."

"Si unalijua? La gesi. La koleo." Akacheka.

"Mama yako anasema ni la kioo."

Kicheko kikakatika.

"Uko na mama?"

"Yuko hapa."

"Mpe simu."

"Anakusikia," mama yangu akasema. Nadhani kwa haraka mchumba wangu alidhani ni sauti yangu.

"Mama." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Sijawahi kuisikia kabla wala baada. "Tulikubaliana nini? Nilikwambia ukifungua mdomo, mtoto humwoni tena. Nilikwambia au sikukwambia?"

Mama Sumaku alikuwa ameshika mfuniko kifuani kama ngao.

"Mama!"

"Na mimi nakusikia," nikasema.

Simu ikakatwa.

Unajua duka lile, hata pumzi inatikisa vyombo. Nikasikia vijiko vinalia tiki tiki ndani ya kopo.

Halafu mama yangu akalipuka.

"Ulijua!" Alikuwa na kikaango mkononi, na sijui alikiokota saa ngapi. "Mwanao ana mke, ana mtoto, wewe unajua! Umekuja kwangu, umekaa kwenye kiti changu, umetukana gauni langu, na ulijua!"

"Dada, hicho ni kile kisichogandisha!" muuzaji akalia. "Kikikwaruzwa umekinunua!"

"Nitakinunua na kichwa chake ndani!"

"Piga!" Mama Sumaku akasogea mbele. "Piga tuone! Mimi nilimwapia mwanangu sitasema. Na sijasema! Nimesema neno? Nimepima sufuria tu!"

"Shetani mkubwa!"

"Mimi shetani? Muulize mwanao huyu nimefanya nini ili akimbie!" Akanigeukia, kidole karibu na pua yangu. "Wewe ni msichana wa namna gani? Nakutukana, ahsante mama. Nakuaibisha mbele za watu, unacheka na wewe. Nakutafutia shule huko mbali, huulizi kwa nini. Nikasema, huyu amesoma, labda nimpe kitu cha kufikiri. Nikaja na sumaku, ujiulize napima kwa ajili ya jiko gani! Nikakumwagia maziwa! Mtu anamwagiwa maziwa asubuhi na mapema, anasema karibu tena! Ulitaka nifanye nini, nikuchoree?"

Nilisimama pale maneno yote ya miezi ile yananirudia moja moja. Ahirisha. Nenda mbali. Umedaka wa kwanza. Kila tusi lake lilikuwa na mlango pembeni yake, wazi, na mimi nilikuwa naufunga kwa adabu.

"Na usinione mwema," akaendelea. "Sikupendi. Mkwe wangu ni yule mwenye jiko la kioo. Nilipolazwa, yule ndiye aliyenigeuza kitandani. Hajui kama upo. Sitaki aletewe mke mwenza, na sitaki awe wewe, unayeshindwa hata kumfukuza nzi!"

"Usimwite mwanangu..." mama akaanza.

"Nitamwita!"

"Thubutu!"

Kikaango kikapanda. Mfuniko nao ukapanda. Muuzaji alikuwa amekumbatia rafu nzima kwa mikono miwili, anamwita Mungu wake.

Hapo ndipo sauti ikanitoka.

Si sauti yangu ya kila siku. Ni ile ninayoitumia mtoto akipanda dirishani. Sijawahi kuitumia kwa mtu mwenye mvi.

"Kaeni chini!"

Mama akakaa, juu ya gunia la vikombe. Mama Sumaku akakaa kwenye ngazi ya kupandia rafu. Muuzaji, maskini, ambaye sikumsema yeye, akakaa juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa.

"Vyombo chini," nikasema. Vikashushwa.

Nikachuchumaa mbele ya Mama Sumaku, macho yangu na macho yake sawasawa, kama tulivyofundishwa chuoni. Uzi wa sumaku ulikuwa umemzunguka vidole mpaka vimebadilika rangi. Nikaufungua taratibu. Kwa karibu hivyo hakuwa anatisha. Alikuwa bibi wa mtu, na huenda asimwone tena mjukuu wake.

"Mama," nikamwambia, "mwanao ameshajua. Hakuna siri ya kulinda tena. Sema. Bila tusi, bila sumaku. Tangu siku ya kwanza ulitaka kuniambia nini?"

Kabla sijaandika alichojibu, niseme hili, maana najua mtaniuliza kwenye maoni.

Mchumba wangu alikuja, ndiyo. Alikuja na maelezo yake na maua. Mama alimpokea getini na rula ndefu ya kupimia vitambaa, na hatukuzungumza mengi. Mkewe alikuja kujua, na ya kwao ni yao. Mtoto bado anapelekwa kwa bibi yake, anapelekwa na mama yake mzazi. Hilo nililisikia kwa watu na nikafurahi, sijui kwa nini lilinifurahisha hivyo.

Gauni tuliligeuza mapazia. Si ya ofisi, ya darasa langu.

Sumaku ninayo. Aliniachia mkononi siku ile na hajawahi kuidai. Watoto wangu wanaitumia kupima vijiko, na nikiwauliza kwa nini hiki kinashika na kile hakishiki, hawatabasamu wala kusema ahsante mwalimu. Wanauliza mpaka nachoka. Natamani wasiache kamwe.

Na kile chungu nilikinunua. Kwenye jiko la kioo hakiwezi kuwaka hata siku moja. Kwangu kinapika polepole, na maharage yake ni matamu.

Nilichojifunza ni hiki. Anayekuchekea anaweza kuwa amekuficha nyumba nzima, na anayekukunjia uso anaweza kuwa ndiye anayekuonyesha mlango. Adabu ni nzuri, lakini isikufunge mdomo. Kabla hujachagua sufuria, uliza inakokwenda kuna jiko gani. Uliza kwa sauti. Ukijibiwa kwa hasira, uliza tena.

Turudi dukani.

Mama Sumaku aliutazama ule uzi mkononi mwangu. Akamtazama mama yangu, akamtazama muuzaji aliyekaa juu ya sufuria. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua mzigo, na akasema, kwa sauti iliyofika mpaka nje barabarani:

"Usiolewe na mwanangu."